Mlango wa Landrova Yangu Ulipigwa Mnada Dar, na Mimi Nimeiegemea Uani Kwangu Chapwa

Wajukuu, nimeona mlango wa gari langu unapigwa mnada Dar es Salaam. Watu wa suti wanaupigia makofi.

Na gari langu liko hapa hapa uani kwangu Chapwa, Tunduma. Lina milango yote. Wakati naangalia mnada huo kwenye simu, nilikuwa nimeliegemea.

Sasa niambieni, mlango mmoja unakaaje sehemu mbili?

Tulieni. Naanzia nyuma kidogo, maana babu akianzia katikati anapotea.

Mimi ni Lwitiko, mzaliwa wa Ileje, milimani. Tunduma nimekuja kijana. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya, iacheni ipumzike. Naandika kwa kidole kimoja, mkono mwingine umeshika kikombe cha chai.

Nina Landrova 109, rangi ya bluu ya mbingu. Niliinunua mikononi mwa mission, imechoka. Nikabebea kahawa za watu, nikabebea maharusi, nikabebea maiti. Haijawahi kuniaibisha. Kufa inakufa, lakini ukiibembeleza inafufuka.

Mwaka 2004 wakaja watu wa televisheni. Wanapiga tamthilia inaitwa Mzigo wa Nakonde. Ya magendo, hapa mpakani kwetu na Zambia, risasi kwa sana. Wenye umri mnaikumbuka. Kila Alhamisi jioni mitaa ilikuwa inabaki na mbwa tu.

Wakaiona Landrova yangu imepaki pale Vwawa sokoni. Mkubwa wao akazunguka mara tatu, akasema, "Mzee, hii ndiyo Shangazi."

Kwenye tamthilia gari la yule dereva shujaa linaitwa Shangazi. Kwa nini? Kwa sababu haliharakishi, ila likifika kila mtu anakaa sawa.

Na niwaambie siri. Zile sehemu gari linakimbizwa kwenye matuta, mkamwona shujaa kwa nyuma na kofia yake? Ule mgongo ni wangu. Yule shujaa mwenyewe alikuwa hajui kubadilisha gia.

Siku moja mkubwa wao akasema majambazi watapiga mlango risasi tatu. "Risasi za kweli hatuna. Tutoboe."

Nikachukua keekee ya mkono, nikatoboa mwenyewe. Tundu la kwanza safi. La pili safi. La tatu, la chini, keekee ikanikwama, ikateleza, likatoka refu refu kama punje ya mchele.

Kumbe nimesahau. Ndani ya ule mlango mke wangu Ferista alikuwa ameshindilia kipande cha kitenge, na kingo zake amezipiga uzi wa gunia, ili mlango usigongegonge akiwa amekaa. Kitenge cha Nakonde, cha njano, kina majogoo mekundu.

Keekee ilikula na kitenge.

Ferista akaja juu. "Lwitiko! Umenitobolea majogoo yangu kwa ajili ya risasi za uongo?"

"Mama, ni sanaa."

"Sanaa katoboe suruali yako."

Akakirudisha kitambaa ndani vile vile, na matundu yake matatu. Kikakaa humo miaka ishirini. Tulikuwa tunajua mimi na yeye tu. Ndivyo nilivyodhani.

Ferista alifariki mwaka wa corona. Mlango ule nikawa naupigapiga asubuhi kwa kiganja, kama mtu anamsabahi mtu. Mnielewe hapo. Kwa wengine lile lilikuwa gari la televisheni. Kwangu ule mlango ulikuwa na mke wangu ndani.

Haya. Nina mtoto wa mwisho, Jonasi. Anakaa uani kwangu na mkewe, Enesi, binti wa Msangano.

Hapa lazima niwaelekeze jambo, maana nyie wa siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu mnachekeana.

Kwetu, sisi wa zamani, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Mke wa mwanao humwangalii usoni. Jina lake hulitaji mbele yake, wala yeye lako. Ukisikia sauti yake, unajifanya umeziba masikio. Akipita, wewe unakohoa, yeye anajibanza nyuma ya nyumba. Nguo zake zikiwa kambani, unageuza shingo. Pale alipokaa yeye, hukai wewe. Ukitaka kumwambia kitu, unamtuma mwanao.

Miaka tisa Enesi ananipikia ugali. Anauacha mlangoni, anagonga sufuria, anaondoka. Sura yake siijui. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na mimi niliishika kwelikweli.

Kumbe mtu mmoja alikuwa anaiangalia heshima ile kama fundi anavyoangalia kufuli.

Mwanzoni mwa mwaka Jonasi akaniletea mgeni, kijana mmoja anaitwa Yassir. Mtu wa spea, anavuka Nakonde na kurudi, manukato yanafika kabla yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayenukia hivyo au kuna harusi?"

Akacheka. Akazunguka Landrova, anapiga picha mlango, boneti, kila mkwaruzo. Akaniambia kuna matajiri sasa hivi wanatafuta magari ya tamthilia za zamani. Wanaweka nyumbani, wanayaangalia tu.

"Hawapandi?"

"Hawapandi babu. Ila lazima liwe lenyewe. Wanachukua picha ya kwenye tamthilia, wanalinganisha na gari, kovu kwa kovu. Gari la televisheni linajulikana kwa makovu yake. Ukilipiga rangi umeliua."

Hapo alisema ukweli. Hata mwongo ana siku zake.

Akanipa bei. Milioni nne.

Nikamwambia, "Kijana, milioni nne ni za gari. Hii ni Shangazi."

Akaondoka. Jonasi akanuna wiki nzima.

Sasa nina rafiki yangu, Ishaka, mtu wa Kigoma, mwenye malori mawili. Tunakunywa naye kahawa kila jioni pale barabarani. Ndiye akaniambia redioni wametangaza mnada wenyewe, wa kampuni kubwa Dar, vitu vya tamthilia. Akanipigia namba yao. Akapokea mama mmoja anaitwa Bushra, sauti ya Kipwani, imetulia kama maji ya mtungi.

"Babu, kama ni Shangazi ya kweli, inaweza kufika milioni themanini. Nitakuja mwenyewe kuikagua mwezi wa saba."

Themanini! Nilikaa chini, kiti kikiwa mbali.

Nikamwambia Jonasi. Nilimwambia wa kwanza kabisa, mwanangu, nimefurahi. Nikasema tutalipeleka wote wawili, na pesa tutajenga nyumba mbili, yako na yangu, na kaburi la mama yako tuliwekee marumaru.

Akasema, "Amina baba."

Ile amina bado inanikaa kooni.

Mwezi wa tano nikaenda Msangano kwenye msiba wa binamu yangu. Siku nne. Narudi, nakuta Landrova imefunikwa turubai, imefungwa kamba kila kona.

Jonasi akanipokea njiani, uso mzito. "Baba, samahani. Usilisogelee gari."

"Kuna nini?"

"Mkamwana wako alishikwa na tumbo alfajiri. Bodaboda hamna. Nikamkimbiza Vwawa na Landrova. Alikaa mbele, baba. Akaegemea mlango."

Mwe!

Mkamwana amekaa kiti cha mbele. Akaegemea mlango wangu. Basi gari lile kwangu likawa mwiko, mpaka dada yangu mkubwa aje kutoka Ileje, kuku achinjwe, maneno yasemwe, ndipo nilishike tena.

"Anaendeleaje?"

"Amepona. Ila naomba usiliangalie kwanza baba. Nitampigia shangazi mimi, nitapanga kila kitu."

Mtoto anayejali mila namna ile! Nilimsifu. Pale kwenye kahawa nikamtangaza. Ishaka akasema, "Shehe, vijana kama huyo hawapo tena." Nikavimba kama chura wa masika.

Ikapita wiki ya kwanza. Mwezi. Mara shangazi anavuna, mara shangazi mguu unamuuma, mara kuku wana kideri.

Na kipindi kile mkamwana akaanza tabia mpya. Kila asubuhi nikikaa kwenye kigoda changu, yeye yuko nyuma ya banda, anafokea kuku kwa sauti. Anataja gari, anataja mlango. Mimi nikisikia tu ni yeye, naanza kuimba wimbo wa kanisani, nifunike sauti yake. Yeye anapandisha, na mimi napandisha. Jirani akadhani tuna kwaya.

Nikamtuma Jonasi: mwambie mkeo apunguze mdomo.

Halafu akaanza kuanika nguo kwenye kamba ya mbele, mbele kabisa, usoni pangu. Kila siku. Huyu binti vipi? Nikachukua kigoda changu nikakigeuza, nikaangalia barabara, malori yanavyosota foleni kwenda mpakani.

Mwezi wa saba Bushra akafika. Mtaa mzima ulijaa uani. Dada yangu hajaja, kuku hajachinjwa, ila nikasema wao waangalie tu, mimi nitakaa mbali.

Turubai likafunuliwa. Bushra akatoa picha zake, akainama mlangoni. Akakaa muda mrefu. Mimi nimesimama hatua ishirini, nimeangalia juu.

"Babu, njoo unifungulie mlango huu."

"Siwezi mama. Mkamwana wangu ameuegemea."

"Ameuegemea lini?"

"Mwezi wa tano."

Watu wakacheka. Bushra hakucheka.

"Babu, haya matundu ni mapya. Hayana kutu. Na kwenye tamthilia tundu la chini ni refu. Hili ni duara."

"Haiwezekani. Nilitoboa mwenyewe!"

"Ndiyo, naona umetoboa mwenyewe," akasema. Akafunga begi lake. "Na tulishaandikisha Shangazi nyingine Dar. Mlango wake na boneti vimelingana kovu kwa kovu. Babu, kwa umri wako, nisingependa kulifikisha jambo hili polisi."

Wajukuu, mimi sijawahi kuiba hata muwa.

Kijana mmoja akapaza sauti, "Babu Shangazi kumbe ni Shangazi feki!" Uani pakalipuka. Watu niliowabebea maiti zao bure wakawa wanashika mbavu.

Nikamtafuta Jonasi kwa macho anisemee. Alikuwa anaangalia ndala zake.

Jioni ile sikwenda kahawa. Wala kesho yake. Watoto wakipita wananiita "Feki". Nilishikwa na aibu mpaka ugali ukawa unalala pale pale mlangoni.

Baada ya wiki mbili ndipo Ishaka akaja na simu. "Shehe, mnada unaonyeshwa. Njoo umwone huyo Shangazi wao."

Nikachoka. Nikasema liwalo na liwe. Nikaenda nikaiegemea Landrova yangu, mila nikaiweka pembeni kwa mara ya kwanza, nikaangalia.

Wakaonyesha mlango kwa karibu. Tundu moja. La pili. La tatu.

Punje ya mchele.

"Ishaka, ule mlango ni wangu."

"Shehe..."

"Ule ni mlango wangu! Ferista yumo humo!"

Nyundo ikagonga. Milioni tisini na mbili. Makofi.

Nikageuka, nikauangalia huu niliouegemea. Mara ya kwanza tangu mwezi wa tano nauangalia kwa macho yangu. Rangi ile ile. Lakini mlango mgeni.

Nikamwita Jonasi. Akaja, akasikiliza, akashika kichwa. Akalia, tena machozi ya kweli.

"Baba, nilikuwa nakuficha. Ni mkamwana wako. Ulipokuwa msibani aliuza mlango wako na boneti kwa wanunua vyuma chakavu. Nikatafuta mwingine nikafunga, nikuepushie uchungu."

"Mkeo?"

"Tamaa baba. Nimuache?"

Nikasema neno ambalo nitalijibu siku ya mwisho. Nikasema, "Mwambie arudi kwao Msangano. Kesho."

Sikumuuliza mwenyewe. Ningemuulizaje? Hatuongei.

Asubuhi Jonasi hayupo. Amevuka Nakonde, anasema anafuatilia hao wa vyuma. Mimi kwenye kigoda, nasubiri kusikia mkamwana akiburuta begi.

Nikasikia nyuma ya banda: "Kuku, nisikilize. Sisemi na mtu. Nasema na wewe kuku."

Nikaanza wimbo wangu.

"Kuku, nasema mimi si mwizi!"

Nikapandisha wimbo.

"Baba, nyamaza!"

Wimbo ukakatika wenyewe.

Mkamwana. Ameniambia. Nyamaza.

Hata kuku walinyamaza.

Akaendelea, amenipa mgongo nyuma ya nguzo ya banda. "Sijawahi kupanda lile gari, Baba. Hata siku moja. Sikuumwa tumbo. Jonasi na yule wa manukato walileta mlango na boneti nyingine asubuhi wewe uko msibani, wakafungua wako na boneti. Nikamwambia Jonasi, baba anajua? Akasema anajua. Nikamwambia mwambie tena. Akasema nimemwambia, na amesema usiingilie mambo ya wanaume."



"Nikamwambia kuku, ukaimba. Nikasema basi, macho hayana mkwe. Walipoutikisa mlango, kilidondoka kitambaa cha mama. Nikakiokota. Nikawa nakianika kila siku mbele yako ukione. Ukageuza kigoda."

Wajukuu.

Miezi miwili mke wangu alikuwa kwenye kamba ananipungia, na mimi nimempa kisogo, naangalia malori.

Nikasimama. Nikageuka. Naye akageuka. Nikamwangalia mkamwana wangu usoni.

Mfupi. Miaka tisa nilidhani ni mrefu, kwa vile sauti yake ni nene. Kumbe mfupi, ana mwanya, analia kama mtoto. Mkononi ameshika kitenge cha njano, majogoo mekundu, matundu matatu.

"Ulijuaje kama ni cha mama?"

"Mama alinionyesha, kabla hajafa. Akasema, huyu mzee akisahau, wewe ukumbuke."

Tukalia wote wawili, kila mtu kwake, yeye kwenye nguzo yake, mimi kwenye kigoda changu.

Ishaka alikuwa na lori linashuka Dar siku ile ile. Alisema kwenye mnada walitangaza muuzaji analipwa baada ya siku kumi na nne, kwa hiyo pesa bado ziko kwa wenye mnada. Nikakunja kitambaa nikakiweka kifuani, ndani ya shati. Njia nzima nilikuwa najiambia: Jonasi kadanganywa. Ni yule wa manukato. Mwanangu karubuniwa tu.

Mzazi ni mjinga, wajukuu. Anatafuta tundu la kumtolea mwanae hata kwenye ukuta wa zege.

Bushra alivyoniona alitaka kuita walinzi. Nikamwambia, "Mama, nipe dakika moja na mlango. Nikishindwa, nifunge."

Akanipeleka. Ulikuwa umefungwa kwenye Landrova ya watu, umeng'arishwa, una kamba nyekundu mbele yake kama maiti ya kiongozi. Nikauambia habari za siku nyingi, kimoyomoyo.

Nikampa kitambaa. "Kipitishe ndani kwa chini. Pindo lenye uzi wa gunia likae kwenye kitasa. Kinyooshe."

Akapiga magoti na nguo yake nzuri. Akapitisha, akanyoosha. Akawasha tochi ya simu kwa upande wa pili.

Mwanga ukatoka tundu la kwanza. Ukatoka la pili. Ukatoka la tatu, lile refu, na kitenge kimechanika urefu ule ule, ulalo ule ule.

Bushra akakaa chini sakafuni. Akasema taratibu, "Babu, nisamehe."

Nikasema yameisha. Kumbe hayajaisha.

Akaenda kuleta faili. "Hili gari lilikuja na barua ya maelezo. Imeandikwa kwa mkono, shahidi wa familia. Sijui kama nikuonyeshe."

"Nionyeshe."

Nilisoma herufi moja moja, ndivyo nisomavyo. Na zile herufi nilizijua. Ile R yenye mguu mrefu nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa kijiti, kwenye vumbi, kabla hajaanza shule.

Imeandikwa: *Mimi Jonasi Lwitiko nathibitisha hili ni gari la marehemu baba yangu, na mimi ndiye mrithi wake wa pekee.*

Nikasoma tena. Labda ile M ni kitu kingine.

Marehemu.

Kijana mmoja wa ofisini, hakujua lolote, akaniuliza kwa adabu, "Babu, samahani, wewe ni nani wa familia?"

Nikamwambia, "Mimi ndiye marehemu."

Mauzo yakafutwa, mnunuzi akarudishiwa chake. Yassir simu haipatikani. Mlango na boneti vikarudi Chapwa juu ya lori la Ishaka, vimefungwa blanketi.

Sasa sikilizeni dunia. Bushra akanipigia baada ya wiki. Habari zimezagaa mitandaoni, matajiri wamechachamaa. "Babu, Shangazi ikiwa na mlango wake na kile kitambaa, milioni mia na ishirini haikosi. Kile kitambaa ndicho cheti chake."

Nikamwambia, "Mama, kitambaa si changu. Nitamuuliza mwenyewe."

Jonasi naye alipiga. Namba ya Zambia.

"Baba."

Nikaweka kikombe chini.

"Baba, nisamehe. Nilikuwa nadaiwa..."

"Baba yako ni marehemu," nikamwambia. "Umeandika mwenyewe, tena mwandiko mzuri. Marehemu haongei na simu. Ukimtaka njoo kaburini kwake. Kaburi liko Chapwa, lina mlango, haujafungwa."

Akakata. Mpaka leo hajaja. Kuna jioni lori likisimama barabarani nainua shingo.

Dada yangu kutoka Ileje hatimaye alikuja. Nilimpigia mwenyewe. Kumbe mguu haujawahi kumuuma, na hakuna mtu aliyemwita. Kuku akachinjwa, ila safari hii faini nililipa mimi, mzee, kwa mkamwana. Dada alishangaa. "Lwitiko, haijawahi kutokea."

"Na mkamwana kusingiziwa na baba mkwe akakosa pa kujibu, imetokea mara ngapi?"

Akaipokea ile faini, akampelekea mwenyewe. Na yeye ni mkamwana wa watu.

Jumatatu iliyofuata nikaitoa Shangazi barabarani, mlango wake umerudi, kitenge kimo ndani. Nikapiga honi. Enesi akatoka na ndoo, akaniona, akataka kujibanza nyuma ya nyumba kama ilivyo desturi.

Nikamwita kwa mdomo wangu mwenyewe. "Enesi, mwanangu. Tunaenda Vwawa."

"Kufanya nini Baba?"

"Kubadilisha kadi ya gari. Iandikwe jina lako. Ukitaka uza, ukitaka bebea mahindi. Wewe ndiye uliyeokota."

Ndoo ikaanguka. Akapangusa mikono kwenye khanga, akaenda nyuma, akashika bomba apande huko wanakopakiaga mizigo.

"Hapana," nikasema. "Panda mbele."

Akaja mbele, pole pole. Mtaa mzima unaangalia, wale wale waliocheka. Akafungua mlango. Akakaa. Akauegemea.

Haukugonga hata kidogo.

Kwa hiyo wajukuu, mimi nimejifunza uzeeni, nyie jifunzeni mapema. Mila ni nzuri, na mkwe aheshimiwe. Lakini heshima ikifika mahali inamziba mtu mdomo asijitetee, chunguza nani anashika ufunguo. Gari la kweli linajulikana kwa makovu yake. Mtoto wa kweli nilidhani anajulikana kwa jina langu. Kumbe yule wa kwangu alikuwa nyuma ya banda, anaongea na kuku.